Paswedi ya Excel: nilidhani nimefunga kumbe

Mimi ni mweka hazina wa kikoba chetu, tuko 23, hisa na mikopo yote naandika kwenye Excel. Kila mwisho wa mwezi natupia faili kwenye grupu la WhatsApp kila mtu aone salio lake, na ili watu wasichezee namba nilikuwa naweka ile Protect Sheet, paswedi herufi 14 mchanganyiko, nimeiandika hadi kwenye daftari la jikoni nisije nikasahau.

Sasa mwezi wa tatu mwanachama mmoja kaja kikaoni na faili, mkopo wake umepungua laki mbili, eti ndo nililotuma mimi. Nikabisha sana, haiwezekani, lina paswedi! Nyumbani mtoto wa dada akanicheka. Akachukua laptop, mwisho wa jina la faili palipo na xlsx akaandika zip, likafunguka kama folda, ndani kuna vifaili vya maandishi matupu, akatafuta cha ile shiti akafuta kipande kimoja tu kimeandikwa sheetProtection, akarudisha jina kama lilivyokuwa. Dakika tano hazikufika, na paswedi yangu haikuulizwa hata mara moja. "Mamdogo hili ni pazia, siyo mlango."

Na Microsoft wenyewe wanasema ile siyo ya usalama, ni ya kuzuia mtu asiharibu fomula kwa bahati mbaya. Haya, mi nani alinambia?

Inayofunga kweli ni Encrypt with Password, iko File halafu Info, hapo faili zima linavurugwa na bila paswedi hulifungui. Ila iwe xlsx, zile xls za Excel ya enzi za 97 ufunguo wa ndani unaovuruga faili kwa kawaida ni biti 40 tu, yaani mfupi mno, kompyuta za sasa zinaujaribu wote hata paswedi yako iwe ndefu vipi.

PDF nazo zilezile, paswedi ya kuzuia kuprinti na kukopi inategemea programu iamue kutii, na zipo zisizotii. Halafu kuna zile stetimenti paswedi yake tarehe ya kuzaliwa jamani, siku zote za miaka 100 hazifiki 37,000, laptop inazijaribu zote kwa dakika chache.

Kwahiyo Excel yenyewe tunayo mimi na mwenyekiti tu, grupu linapata PDF na salio nasoma kwa sauti kikaoni. Protect Sheet naipa nyota 2, fomula zangu angalau imezilinda. Yule wa laki mbili tulimfungulia faili la kwanza bado lipo kwenye grupu, akasema itakuwa simu yake ndo imekosea.