Miaka miwili na Debian 12 dukani kwangu

Nina duka la kuchapa na kutoa nakala, na kompyuta yake inaendeshwa na Debian, distro (yaani mfumo endeshi wa familia ya Linux) inayotengenezwa na wanajamii. Kompyuta ni moja, na mitihani ya shule tatu imo humo. Zamani niliweka distro nyingine, ya wanajamii pia, ile aina inayoleta programu mpya karibu kila siku. Nilifurahia upya ule. Oktoba 2023, wiki ya mitihani, nikasasisha asubuhi, nikawasha upya: printa haionekani. Walimu wamejaa kaunta. Tulihangaika hadi saa nane mchana ndipo tukafanikiwa kurudisha toleo la nyuma.

Wiki ileile nikahamia Debian 12.

Kilichonivuta ni namna watengenezaji wake wanavyokagua. Programu mpya huingia kwanza katika tawi la unstable (la majaribio ya mwanzo), na kwa kawaida hukaa siku tano. Isipozuka hitilafu kubwa mpya, inapanda tawi la testing, linaloandaliwa kuwa toleo lijalo. Toleo likikaribia, milango ya mabadiliko mapya hufungwa hatua kwa hatua. Kwa Debian 12 hatua ya kwanza ilikuwa tarehe 12 Januari 2023, toleo likatoka tarehe 10 Juni. Karibu miezi mitano ya kurekebisha tu, na wengi wao wanajitolea. Nawashukuru kwa dhati.

Ukaguzi huo haunasi kila kitu. Desemba 2023, keneli (kiini cha mfumo) iliyokuja na 12.3, sasisho dogo la Debian 12, ilikuwa na kasoro ya ext4 (namna ya kupanga mafaili kwenye diski) iliyoweza kuharibu data. Hilo lilinitisha, maana mafaili yangu yote yako kwenye ext4. Lakini walitangaza waziwazi, wakasimamisha diski za kusakinishia, na tarehe 10 wakatoa 12.4. Mimi huacha siku kadhaa zipite kabla ya kusasisha, kwa hiyo haikunifikia. Tabia hiyo nawasihi wenye maduka wenzangu muishike.

Gharama yake ni ukongwe. LibreOffice, programu ya kuandikia nyaraka, imebaki 7.4, na kwa mtu mwenye kompyuta iliyotoka kiwandani juzi, keneli ya 6.1 inaweza isitambue baadhi ya vifaa. Huyo ningemwelekeza Fedora, distro nyingine, inayotoka kila baada ya miezi sita hivi na huahirisha tarehe yake ikikuta hitilafu ya kuzuia toleo. Mimi kazi yangu ni karatasi itoke, na tangu nihamie haijawahi kukwama kwa sababu ya sasisho.

Debian 13 imetoka tarehe 9 Agosti 2025. Nitaiweka shule zikifungwa Desemba.