Kitanda cha mtoto cha kuambatisha na kitanda cha mama: tathmini baada ya miezi 4

Mtoto wangu, anayenyonya maziwa ya mama pekee, alipotimiza miezi 2 alikuwa akiamka mara 5 au 6 kila usiku, nami nikanunua kile kitanda kidogo ambacho ubavu wake mmoja hufunguka na kufungwa kwa mikanda kwenye kitanda cha mama, nikitumaini kwamba atalala hadi alfajiri. Hakulala hadi alfajiri, na anayetaka kukinunua kwa tumaini hilo ni vyema alijue mapema. Hata hivyo, ningekinunua tena.

Tumbo la mtoto wa umri huo ni dogo, maziwa ya mama humeng'enywa upesi, na mzunguko mmoja wa usingizi wake hauzidi sana saa 1; kuamka kwake ni maumbile wala si tabia mbaya. Kilichopungua kwetu ni muda wa kukaa macho. Zamani alilala upande wa pili wa chumba, na hadi nitoke kitandani, niwashe taa na kumfikia, alikuwa amekwisha kulia kwa nguvu, na mtoto aliyelia sana huchelewa kusinzia hata akishashiba. Kwa kitanda hiki nilimsikia alipoanza kugeuzageuza kichwa na kunyonya vidole, nami nilimvuta, nikamnyonyesha gizani, sikumbadilisha nepi isipokuwa amepata choo, kisha nikamrudisha mahali pake. Shughuli iliyokuwa ikichukua dakika 40 iliisha kwa takribani dakika 15, na kwa mama aliyechoka tofauti hiyo ni kubwa mno.

Godoro lake ni gumu na tambarare. Wageni walimhurumia mtoto, lakini ndivyo linavyopaswa kuwa, kwa kuwa mtoto hulazwa chali bila mto, blanketi zito wala wanasesere.

Kasoro iliyonisumbua ni mikanda. Hulegea baada ya siku chache na kuacha pengo kati ya magodoro mawili, mahali ambapo uso wa mtoto unaweza kubanwa. Kwa hiyo kila jioni, kabla ya kumlaza, nilipitisha mkono kwenye kiungo hicho na kukaza upya. Mtengenezaji angepaswa kuweka vifungo imara zaidi, na asiyeweza kuahidi ukaguzi huo wa kila siku asikinunue. Vilevile kimo chake hurekebishwa kwa hatua chache tu, hivyo pima kwanza urefu wa kitanda chako.

Muda wa matumizi ni mfupi. Alipokaribia miezi 6 alianza kujiinua kwa mikono na magoti, nasi tukakiacha siku hiyohiyo, kama maelekezo yanavyoagiza. Sasa analala kwenye kitanda chenye pande nne, bado chumbani mwetu, na huamka mara 2 au 3 kunyonya.