Krauni ya kioo-kauri kwenye jino la mbele: uzoefu wangu hapa Dodoma

Nianze na hukumu ili asiye na muda asihangaike. Kwa jino la mbele, krauni (kofia ya kufunika jino) ya kioo-kauri aina ya lithiamu disilikati inastahili hela yake. Kwa gego la nyuma fikiria mara mbili. Na kabla hujauliza bei, muulize daktari ataibandika vipi.

Jino langu la mbele la juu lilitibiwa mzizi miaka ya nyuma, likaanza kugeuka jeusi. Mimi ni mzaliwa wa Singida, na watu wa kwetu mnatujua kwa meno: maji ya visima vingi yana floraidi nyingi, tumeyanywa utoto mzima, meno yakaota na madoa ya kahawia. Kwa hiyo sikuwa natafuta jino jeupe la kwenye matangazo. Nilitaka jino litakalokaa katikati ya wenzake wenye michirizi bila mtu kuuliza.

Daktari (ni kliniki binafsi, siitaji jina maana sijatumwa kuitangaza) alinipa chaguo tatu. Ya kwanza ni chuma kilichofunikwa kauri: bei nafuu, inadumu, ila chuma hakipitishi mwanga, na fizi zikipanda kidogo mstari wa kijivu huonekana. Ya pili ni zirkonia, kauri ngumu isiyo na kioo, ambayo aina zake za kawaida zinafika megapaskali (kizio cha kupimia nguvu ya nyenzo) 900 na kuendelea katika kipimo cha kupinda. Ya tatu ni hii ya kioo-kauri, megapaskali kama 400. Nikamwuliza kwa nini anisukumie kitu chenye nguvu chini ya nusu ya kile kingine.

Jibu lake ndilo lililonishawishi. Ndani ya kioo hicho kuna fuwele ndogo ndefu kama sindano, zimesongamana na kupishana, takribani asilimia 70 ya ujazo wote. Ufa ukianza, unakutana na fuwele na kulazimika kuzunguka, hivyo nguvu yake inaishia njiani. Sehemu iliyobaki ni kioo, na kioo kinaliwa na asidi. Asidi ikishakikwaruza, gundi ya resini inaingia kwenye vishimo vyake na kushikana na jino. Zirkonia haina kioo, kwa hiyo asidi hiyo haiifanyi kitu, ni lazima itafutiwe njia nyingine ya kushika. Krauni yenye megapaskali 400 iliyoshikana vizuri na jino haibebi mzigo peke yake.

Rangi ndiyo iliyochukua muda mrefu kuliko yote. Daktari alichagua rangi mwanzoni kabisa, kabla hajanisaga jino, kwa sababu jino likikauka huwa jeupe kuliko kawaida yake na litakudanganya. Akanitoa barazani, kwenye kivuli, akawa anapanga sampuli za rangi pembeni ya meno yangu na kupiga picha. Jino lenyewe la kufunikwa lilikuwa limeshakuwa jeusi, na kioo-kauri chenye uangavu mwingi, yaani kinachopitisha sana mwanga, kingeuonyesha weusi ule. Akaweka ndani ya mzizi nguzo ya nyuzi nyeupe badala ya chuma, akajengea juu yake, kisha akaagiza kioo-kauri chenye uangavu mdogo.

Kazi ilifanyika maabara ya Dar es Salaam. Fundi akanipigia: "Dada, si tukuwekee tu nyeupe safi?" Nikamwambia, kaka yangu, ukiniwekea nyeupe nitakuwa nimelipa laki tano na ushee ili watu waone jino la bandia. Akacheka, akaniambia nimtumie picha zaidi. Siku chache baadaye akanirushia WhatsApp picha ya jino langu likiwa na rangi ya zambarau! Nilishtuka, kumbe ndivyo lilivyo likitoka kwenye mashine ya kuchonga. Katika hatua hiyo fuwele bado ni chache na nyenzo ni laini, inachongeka bila kumaliza visu. Kisha linaingia tanuri, nyuzi joto 840 na zaidi kidogo, fuwele zinakua, nguvu inapanda mara mbili na zaidi, na rangi ya jino inatokea. Michirizi ya kahawia alichora kwa mkono na kuichoma pamoja na ung'arisho wa juu.

Siku ya kubandika, krauni ilijaribiwa kwanza mdomoni, ikasafishwa mate, ndipo ndani yake ikapakwa asidi ya haidrofloriki kwa sekunde 20. Hiyo inafanyika mezani, kamwe si mdomoni, ni asidi kali. (Floraini ileile iliyonichafulia meno Singida, leo imo kwenye asidi hii inanisaidia kulibandika!) Ikaoshwa, ikapakwa silani (kimiminika cha kuunganisha kioo na gundi), halafu gundi na taa ya bluu. Jino lazima liwe kavu wakati huo. Ukiona daktari anaharakisha hapa na mate yamejaa, msimamishe.

Malalamiko ninayo. Bima yangu haikugusa hata shilingi. Krauni ya muda ya plastiki ilichomoka nikiwa nakula, nikalazimika kurudi irudishiwe. Baada ya kubandika niliona inagusa jino la chini kabla ya mengine. Daktari aliisaga kidogo, akataka kuniruhusu niondoke. Nikamwomba aing'arishe kwanza, maana sehemu iliyosagwa na kuachwa na ukwaruzo inakula jino linalokutana nayo. Alifanya bila kinyongo, lakini sikupaswa mimi kumkumbusha.

Sasa nakula mishkaki ya mnada wa Msalato kama kawaida, ila mifupa na kokwa za ubuyu nahamishia upande wa nyuma. Rangi haijabadilika, na fizi pembeni yake hazijavimba. Mchoro wa juu unaweza kulika taratibu kwa miaka, kwa hiyo natumia mswaki laini na nimeacha dawa za meno zenye chembe za kung'arisha.

Gego langu la chini nalo linahitaji kofia, na usiku huwa nasaga meno. Hilo nimeshamwambia daktari: zirkonia.