TAHADHARI: Glezi ya kijani "isiyo na risasi" inayouzwa kwenye makopo ya maziwa

Wafinyanzi wenzangu wa Dar, na nyie mnaonunua bakuli za kauri za kulia chakula, someni hii kabla hamjatuma hela.

Kuna muuzaji anajitangaza mtandaoni. Anasema yuko Kariakoo, ila dukani kwake hufiki, mzigo unaletwa na bodaboda. Anauza unga wa glezi, ule wa kupaka chombo cha udongo king'ae, kilo shilingi 85,000, kwenye makopo ya maziwa yaliyobanduliwa lebo. Juu kaandika kwa kalamu: "Kijani. Haina risasi. Digrii 1200. Kaolini ya Pugu." Risasi hapa ni ile metali yenye sumu. Hiyo Pugu ndiyo iliyoniponza. Kaolini, ule udongo mweupe wa ufinyanzi, ipo kweli kwenye vilima vya Pugu, nikajiona nanunua cha nyumbani.

Nilipomuuliza kilichomo akajibu, "Siri ya biashara, dada yangu." Ningeishia hapohapo. Glezi si uganga, ni kioo kinachoyeyukia juu ya udongo. Silika, ile iliyomo kwenye mchanga, ndiyo inayogeuka kioo, lakini peke yake inataka zaidi ya digrii 1700, moto ambao tanuri langu haliuoni hata ndotoni. Ndiyo maana unatia cha kuiyeyusha mapema: felspa, chokaa, majivu, boroni. Kaolini inaleta alumina, ambayo inaizuia glezi isitiririke hadi kwenye rafu ya tanuri. Shaba kidogo unapata kijani, kobalti bluu, chuma kahawia. Muuzaji mkweli atakutajia hayo yote na vipimo vyake abaki navyo.

Risasi nayo inayeyusha, tena vizuri mno. Oksidi yake inayeyuka chini ya digrii 900, na chombo kinang'aa kama kimepakwa mafuta. Ubaya wake unatoka ukitia kitu kichachu: risasi inaachia na kuingia kwenye chakula.

Dalili nilikuwa nazo mkononi. Kopo dogo, zito kama limejaa misumari. Kipande cha majaribio nilikichoma digrii 1000 tu, kikatoka kinang'aa, wakati glezi ya kweli ya 1200 kwenye moto huo inatoka kavu kama ukuta uliopakwa chokaa. Mimi nikashangilia kuokoa luku! Nikachoma bakuli 14.

Moja nilimpa mama. Akaweka achari ya ndimu. Siku ya tatu mng'ao wa ndani umekufa, pamebaki ukungu mweupe hadi pale achari ilipofika. Mwenzangu mmoja ana vijiti vya kupimia risasi, alivyoletewa kutoka nje. Akasugua, kijiti kikawa chekundu. Na rangi yenyewe inazidisha balaa, maana shaba ndani ya glezi ya risasi huifanya iachie risasi kwa wepesi zaidi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na wanaoumia zaidi ni watoto.

Nikamtumia muuzaji picha. Kwanza akasema nimechoma vibaya. Halafu nizidishe moto. Halafu akanifungia.

Ukurasa sasa una jina jipya, picha zilezile, na siku hizi anauza bakuli zilizokwisha chomwa, eti "glezi ya majivu". Glezi ya majivu ninayoijua mimi inataka moto mkali na mara nyingi huacha michirizi kama machozi. Zake ni laini kama kiatu kilichopigwa rangi.

Kama unayo tayari, mimina siki nyeupe, iache usiku kucha. Asubuhi rangi au mng'ao ukibadilika, usile tena humo. Usipobadilika, bado hujathibitisha kitu, tafuta kipimo.

Na hili ndilo linaloniuma. Bakuli 6 kati ya zile 14 niliziuza mezani kwangu Mwenge kabla sijajua. Ni za kijani, mdomo mpana, chini zina alama ya samaki. Kama unayo, usile humo wala usimgawie mtu. Irudishe, hata ikiwa imevunjika, hela yako yote nakupa.