Kunakili maandishi kwa Vim: uzoefu wangu

Natumia Vim, programu ya kuhariri maandishi kwa amri za kibodi, kutwa nzima, na kinachonifanya nisiiache ni namna inavyonakili. Kwenye programu nyingi unaburuta kipanya, unapitiliza herufi moja, unarudi, unaanza upya. Kwenye Vim unataja unachokitaka, basi.

Chukua mstari wenye anwani ndefu ya tovuti ndani ya alama za kunukuu. Kishale kikiwa popote katikati ya anwani, nabonyeza yi" na anwani yote imenakiliwa, alama zenyewe zimeachwa. Nikizitaka na alama, naandika ya", ingawa hapo hata nafasi tupu inayofuata huzolewa. Vivyo hivyo yi( kwa kilichomo kwenye mabano, na yip kwa aya nzima. Herufi y hunakili, i ni ndani, na ya mwisho hutaja kitu chenyewe. Weka d mahali pa y, unakata. Weka v, unateua tu ili ujiridhishe kwanza. Ukishaushika mpangilio huo, amri mpya unaziunda mwenyewe bila kukariri. vi, programu ya Bill Joy ya mwaka 1976 ambayo Vim iliiga, haikuwa na jambo hili. Ni nyongeza ya Vim, na kwangu ndiyo bora kuliko zote.

Kuteua kwa kuona nako kupo: v kwa herufi, V kwa mistari mizima, Ctrl-v kwa safu wima. Hii ya mwisho ni hazina ukiwa na jedwali na unataka safu moja tu. Ukiwa umeteua, o hukupeleka ncha ya pili urekebishe mwanzo, na gv hurudisha uteuzi uliopita.

Linalowachosha wageni ni hili: unanakili neno, unafuta jingine ili ulibadilishe, unabonyeza p ili ubandike, kinatokea ulichofuta. Kila kinachokatwa huingia pale pale penye ulichonakili. Dawa yake ni "0p, kwa sababu rejista 0, moja ya sehemu ambamo Vim huhifadhi maandishi, hutunza ulichonakili mara ya mwisho, hata ukifuta vingine.

Kupeleka maandishi kwenye programu nyingine ni "+y, na kuyaleta ni "+p. Kabla ya kuhangaika, endesha vim --version. Ukiona -clipboard, yenye alama ya kutoa mbele, Vim hiyo imeundwa bila uwezo huo. Tafuta toleo lenye +clipboard.