Rivyu: waya wa kuchajia gari la umeme, Taipu 2 wa mita 7, na kama kuna haja ya kutembea nao

Nianze na jibu kabisa kwa wenye haraka. Kama uko Uingereza au nchi nyingi tu za Ulaya, una gari la umeme na nyumbani huna sehemu yako ya kupaki, nunua waya wako wa Taipu 2, yaani ile plagi ya kawaida ya posti za huku, uweke kwenye buti na usiutoe. Kama uko Marekani au Kanada tulia na pesa yako, huko posti za kawaida za kuchajia unazikuta na waya wake umening'inia kabisa, unachomeka unaenda zako. Waya wenyewe naupa nyota nne kati ya tano, begi lake nyota moja, na hilo begi tutalifikia.

Haya, kwa wenye muda sasa. Mi ni dereva wa PCO hapa London, yaani gari za abiria za kukodi kama Uber, natembelea Kia e-Niro ya betri ya yuniti 64 (kWh), ile ya mwanzo. Wenzangu wa kazi hii wanajua tulivyoingia kwenye haya mambo, si kwamba wote tuliamka siku moja tunapenda mazingira, ni kwamba kuanzia Januari 2023 TfL, mamlaka ya usafiri ya London, hawasajili gari jipya la kazi hii kama haliwezi angalau kutembea kipande bila kutoa moshi, so ukibadilisha gari unajikuta huko huko kwenye umeme tu. Alafu wengi wetu tunakaa fleti au nyumba za kupanga ambazo gari linalala barabarani, hakuna ukuta wako wa kufunga chaja, na kurusha waya kutoka dirishani upite juu ya njia ya watu wa miguu ni kesi na kaunsili. Kwa hiyo mtaa ndio chaja yako.

Na mtaani chaja ziko za aina mbili, hapa ndipo watu wengi wapya wanapochanganyikiwa. Kuna zile za haraka, kilowati 50 kwenda juu, ziko petroli stesheni, Tesco, kwenye mota-wei. Zile waya umefungwa kwenye mashine yenyewe, mnene kama mkono wa mtoto, huna haja ya chochote zaidi ya kadi ya benki. Ule umeme unaingia moja kwa moja kwenye betri na ni mwingi mno, hakuna anayetegemea utembee na waya wa namna ile kwenye buti. Alafu kuna zile za pole pole, kilowati 3 mpaka 22, ziko mitaani tunakolala, kwenye paking za kaunsili, maktaba, viwanja vya mazoezi. Hizo nyingi zina tundu tu. Tundu basi. Ukifika huna waya unalitazama tundu na tundu linakutazama.

Mbona wasiweke tu waya kama Wamarekani? Sababu ziko kadhaa na nyingine zina akili. Magari ya mwanzo huku yalikuwa na matundu tofauti, Nissan Leaf za kabla ya 2018 zina Taipu 1, Renault Zoe ina Taipu 2, so posti yenye tundu inahudumia wote, kila mtu anakuja na waya ambao upande wa posti ni Taipu 2 na upande wa gari ni vile gari lake linavyotaka. Mwaka 2014 Umoja wa Ulaya wakaamua Taipu 2 ndiyo iwe ya kawaida kwenye posti, Uingereza bado ilikuwa ndani, mambo yakabaki hivyo. Na sababu nyingine ni kwamba waya ulioachwa mtaani usiku kucha unakanyagwa, unakojolewa na mbwa, na siku hizi unakatwa. Wezi wa kopa huku wanazifuata mpaka zile nyaya za chaja za haraka, unafika asubuhi unakuta mashine sita zote zina mikia mifupi. Tundu halina kopa ya kuiba, bana.

Alafu kuna zile za kwenye nguzo za taa, hizi mi nazipenda kuliko zote. Nguzo ya taa ya kawaida ya mtaani, wametoboa kitundu ubavuni, ndani kuna chaja ya kama kilowati 5. Pale Westminster kuna Sutherland Avenue, 2020 waligeuza nguzo 24 za mtaa mzima zikawa chaja, na tangu hapo zimesambaa mitaa mingi tu ya London. Huoni posti kubwa, huoni skrini, ukipita haraka hujui kama kuna kitu. Na bila waya wako hazikusaidii chochote. Angalia tu kwamba nyingi unalipa kwa kuskani QR kwenye simu, maana sheria ya 2023 ya chaja za umma inalazimisha malipo ya kugusisha kadi kwenye chaja mpya za kilowati 8 na kuendelea na zile za haraka, hizi za kwenye taa ziko chini ya hapo so zimepona. Hakikisha simu ina chaji kabla hujaenda kuchaji gari, inachekesha lakini ndivyo ilivyo.

Tuje kwenye hela maana ndiyo inayotufanya tuongee. Saivi London chaja za haraka nyingi zinacheza peni 70 na kitu kwa yuniti, nyingine zinavuka 80. Za pole pole unakuta 50 na kitu, na baadhi zinashuka zaidi usiku wa manane. Betri ya 64 ukiitoa asilimia 20 mpaka 80 ni kama yuniti 38. Tofauti ya peni 20 hadi 25 kwa yuniti ni pauni nane tisa hivi kila unapojaza. Waya mzuri ni pauni 150 hivi, unapata mpaka za 100 na ushee, na zipo za 200. Dereva anayejaza mara nne kwa wiki hesabu hiyo anaifanya kichwani, haumalizi hata miezi miwili ushairudisha hela. Mtu anayeendesha kwenda kanisani na sokoni tu itamchukua muda, lakini naye anaupata usingizi, anachomeka jioni na asubuhi gari limejaa, hakuna kukaa kwenye paking ya petroli stesheni saa tano usiku unakula chipsi za baridi.

Na wanaochaji nyumbani, wale wenye bei ya usiku ya umeme wa nyumbani na VAT ya asilimia 5 wakati sisi wa mtaani tunakatwa 20, nyie waya mnauhitaji mkisafiri tu. Hoteli nyingi huku wana posti za tundu. Bebeni tu, hauli chakula.

Sasa waya wenyewe niliochukua. Jina la kampuni silitaji, kwanza maana nyaya hizi ukizipanga kumi mezani utadhani zimetoka tumbo moja, tofauti ni stika. Wangu ni Taipu 2 kwa Taipu 2, ampia 32, fezi moja, mita 7. Hayo maneno manne ndiyo ya kuangalia, mengine yote kwenye tangazo ni mapambo.

Ampia. Zipo za 16 na zipo za 32, na za 16 ni rahisi kidogo ndiyo maana watu wanazichukua. Usichukue. Ndani ya plagi kuna kirizista kidogo kinachoiambia posti waya huu unabeba kiasi gani. Posti inasoma hicho kirizista na haizidishi hata ukiibembeleza. Ina maana posti inaweza kuwa ya kilowati 7, gari linaweza kupokea 7, na wewe na waya wako wa 16 unapata tatu na nusu, usiku mzima unaisha betri iko nusu. Kwa mtu wa kazi hiyo ni asubuhi imeharibika.

Fezi, yaani njia ngapi za umeme zinapita ndani ya waya. Hapa usidanganywe na muuzaji anayekuambia chukua ya fezi tatu ya kilowati 22 ndo ya kisasa. Kinachoamua ni kile kichaja kilichomo ndani ya gari. e-Niro yangu mwisho 7.2 hata uichomeke kwenye posti ya 22. Leaf nyingi ni 6.6. Tesla Model 3 inapokea 11 ya fezi tatu, Zoe nyingi zinapokea 22 zenyewe. Ukiwa na gari la fezi moja waya wa fezi tatu utafanya kazi vizuri tu, ila umelipia kopa ambayo haitumiki na umebeba mzigo wa bure, maana ule ni mnene na mzito kweli. Kama una mpango wa kubadilisha gari mwakani hiyo ni hoja, hapo mi sina ubishi na wewe.

Urefu ndio kitu ambacho watu hawakifikirii mpaka wafike mtaani. Mita 5 zinatosha kama umepaki pua kwa posti. Lakini London lini umechagua pa kupaki? Unakuta nguzo iko sawa na buti lako na tundu la e-Niro liko puani, au mbele ya nguzo ameegesha jamaa mwenye dizeli hana habari. Tesla tundu liko nyuma kushoto, Leaf nyingi liko puani, kila gari na tabia zake. Mita 7 inakupa uhuru wa kuuzungusha upande wa barabara kwenye matairi bila kuutandaza njiani mama mwenye kigari cha mtoto aukwae. Zipo za mita 10, hizo ni za watu wenye kifua, mi hapana.

Uzito wa wangu kama kilo tatu. Siku kavu huuhisi. Januari mvua inanyesha ndio unajua, waya unakuwa mgumu kama hautaki kwenda nyumbani, unaukunja unakurudishia, matope yote ya mtaa wa Barking yanahamia kwenye koti lako. Hapo ndipo nilipoupunguzia waya nyota moja. Angalia ganda la nje limeandikwaje, yale ya TPU yanabaki laini kwenye baridi kuliko PVC, tofauti ya bei ni ndogo na vidole vyako vitakushukuru. Weka glavu za bustani kwenye buti, zile za pauni mbili, hakuna ushauri bora kuliko huo kwenye rivyu hii yote.

Na begi. Jamani begi. Wamekupa waya wa pauni 150 kwenye kibegi cha zipu kama cha viatu vya shule, duara lake ni dogo kuliko waya ukishakunjwa, yaani hata siku ya kwanza kiwandani sijui waliuingizaje. Zipu ikaachia mapema. Saivi natumia ndoo ya plastiki yenye mfuniko, matope yanabaki ndani ya ndoo, abiria akiweka sanduku lake kwenye buti hachafuki. Kifuniko cha mpira cha plagi nacho kimekatika kamba, siku nikikidondosha ndo basi.

Kwenye kuibiwa, wengi wananiuliza. Ukiwa unachaji plagi inajifunga pande zote mbili, kwa gari na kwa posti, mtu hachomoi mpaka ufungue gari. Magari mengine chaji ikijaa yanaachia upande wa gari yenyewe, kuna mpangilio wa kuzuia hilo, itafute kwenye menyu. Wengine wanapitisha mkunjo wa waya chini ya tairi, sio lazima ila usingizi ni wako. Kitu kingine, usiuache umejikunja kama nyoka wakati umeme unapita saa sita mfululizo, ukunjue, waya uliojikunja unajitunzia joto.

Na ule waya mwingine uliokuja na gari, wenye plagi ya ukutani ya pini tatu na kiboksi katikati, huo sio huu. Ule ni wa soketi ya nyumbani, kilowati 2 na kidogo, kwenye posti hauingii. Nimekutana na watu wamenunua gari mtumba, muuzaji amewaambia waya upo kwenye buti, na kweli upo, ila ndo ule. Kwenye mtumba uliza kwa jina, waya wa Taipu 2 upo? Usipokuwepo punguza bei, pauni 150 si za kuachia kirahisi.

La mwisho kwa ndugu wa Nairobi, Dar na Mombasa mnaonitumia meseji niwanunulie huku. Leaf nyingi zinazoshuka bandarini kutoka Japan zina Taipu 1 kwa chaji ya pole pole na CHAdeMO, tundu la Kijapani, kwa ya haraka, wakati Leaf ya Uingereza ya 2018 na kuendelea ina Taipu 2. Waya kama wangu kwenye Leaf ya Japan hauingii, mnaotaka kutumia posti za tundu mnahitaji wa Taipu 1 kwa Taipu 2, huku upo na bei haipishani sana. Kabla hujanitumia hela fungua kile kifuniko puani upige picha. Matundu matano ni Taipu 1, saba ni Taipu 2. Nitumie picha kwanza, hela baadaye.