Miezi mitano na monita ya mtumba: chenga zilikuwa wapi?

Nina steshenari ndogo Iyunga, Mbeya, si mbali na chuo kikuu cha sayansi na teknolojia, MUST. Kinachoniingizia hela kuliko kutoa kopi ni kuchapa na kupanga tafiti za wanafunzi. Msimu wa tafiti ukipamba moto nafunga duka macho yanawasha kana kwamba nimeshinda nakata vitunguu, maana kioo cha laptopu yangu ni kidogo. Basi nikashuka Mwanjelwa, nikanunua monita ya inchi 24 iliyokwishatumika ofisini kwa watu, kwa shilingi 150,000. Wiki tatu za kwanza niliichukia.

Dukani waliiwasha ikaonyesha picha ya mlima na mawingu, nikaridhika. Kosa langu hilo. Picha ya mlima inapendeza hata kwenye kioo kibovu. Ningeomba nifunguliwe ukurasa wa maandishi meusi kwenye weupe. Nilipoifunga kwangu, kila herufi ilikuwa na kivuli upande wa kulia, na penye rangi ya kijivu palikuwa panachemka chenga ndogo ndogo kama televisheni ya enzi za antena. Kijana mmoja aliyeleta sura ya nne akaniuliza, “Anti, hii ndiyo skrini yenyewe, au ukungu umeingia hadi ndani?”

Muuzaji nilipompigia akasema zima, washa. Fundi wa jirani akasema kioo kimechoka, niitafutie mteja.

Siku moja nilibonyeza kitufe cha menyu ya monita nipunguze mwanga, na maandishi ya ile menyu yakatokea makali kama yamechongwa kwa wembe, huku ukurasa ulio nyuma yake umefifia. Menyu hiyo inachorwa na monita yenyewe, haipiti kwenye waya. Kioo kilichochoka kingeiharibu nayo. Nikapiga picha ya skrini, nikaitazama kwenye laptopu: safi. Kompyuta nzima, kioo kizima. Ubovu uko njiani.

Laptopu yangu ina tundu la HDMI tu la kutolea picha, na muuzaji alinipa waya wa VGA, ule wa pini 15 wenye skrubu mbili, pamoja na adapta ya kuunganisha. VGA ilitoka mwaka 1987. Haipeleki picha kwa tarakimu, yaani kidijitali. Inapeleka umeme unaopanda na kushuka, na monita inabaki kukisia kila pikseli, yaani kila nukta ya picha, inaanzia wapi. Kwa picha ya 1920 kwa 1080 hizo ni pikseli zaidi ya milioni mbili, mara 60 kila sekunde. Ikikisia vibaya kidogo, herufi inaota kivuli. Na uchafu wowote wa umeme ukiingia humo, unauona kama chenga. Nilichomoa chaja ya laptopu, chenga zikapungua palepale. Nikairudisha, zikarudi. Chaja ya pini mbili, eksitensheni moja na printa na monita; nilikuwa nimejitakia.

Kabla ya kutoa hela nilifanya mambo mawili ya bure. La kwanza, laptopu ilikuwa imewekwa kurudia picha yake ileile kwenye monita, kwa hiyo ilikuwa inatuma 1366 kwa 768, na monita inaivuta hadi ijae. Nguo ndogo ikivutwa, nyuzi zinaonekana. Nilibonyeza kitufe cha Windows na P, nikachagua kupanua badala ya kurudia, kisha nikaweka 1920 kwa 1080. Hapo tu maandishi yalibadilika sana. La pili, nilifungua ukurasa uliojaa maandishi ndipo nikabonyeza kitufe cha kujirekebisha cha monita. Ukikibonyeza kwenye picha yenye giza, haina kitu cha kujipimia.

Vivuli vikaisha, chenga zikabaki. Nyuma ya monita kulikuwa na tundu la DisplayPort, nikanunua waya wa shilingi 20,000 wenye HDMI upande mmoja na DisplayPort upande wa pili. Skrini ikaandika hakuna signali. Nyaya nyingi za aina hiyo zinakwenda upande mmoja tu, kutoka DisplayPort ya kompyuta kwenda HDMI ya skrini, na mimi nilitaka kinyume. Hela yangu ikalala. Kumbe kulikuwa na tundu la tatu, DVI, na HDMI na DVI zinaongea lugha moja ya tarakimu. Waya wa shilingi 12,000. Chenga kwisha, hata chaja ikiwa imechomekwa.

Maandishi yakabaki na kimstari cheupe kando ya herufi. Mwenye monita wa kwanza alikuwa amepandisha ukali hadi 100. Kwenye hii, 50 ndiyo katikati, nikairudisha hapo, kisha nikapita kwenye mpangilio wa ClearType wa Windows, ule wa kuzifanya herufi zisomeke vizuri, nikichagua mistari inayosomeka vizuri. Dakika mbili, na tofauti yake niliiona usiku zaidi kuliko mchana.

Kipo kitu ambacho hakikutoka na hakitatoka. Kwenye ukurasa mweupe naona punje punje kama sukari, na nikisogeza kichwa nazo zinasogea. Hizo haziko kwenye picha, ni ile ngozi isiyong'aa iliyobandikwa juu ya kioo ili taa zisijitazame. Asubuhi jua likipiga mlangoni naishukuru. Saa nne usiku naivumilia.

Nyota nne kati ya tano. Moja nimeikata kwa sababu ya waya walionipa, kwa kuwa mtu anayeuza monita yenye tundu la DVI huku mteja akimwambia ana HDMI alipaswa kujua. Waya wa DisplayPort bado uko kwenye droo, haujakunjuliwa mara ya pili. Mwenye kompyuta yenye tundu hilo na televisheni ya HDMI apite dukani, tutaelewana bei.